Namba za Gia

Miaka kumi na miwili Mwanaidi alikaa kando ya mumewe, Shekue, kwenye mbio za magari, akimsomea kona kutoka daftarini: "Kulia, gia ya pili! Kushoto, tatu!" Mkono wa Shekue ulifuata kinywa chake.

Asubuhi ya majaribio, gari la otomatiki likalishinda lao la gia za mkono kwa sekunde nne.

"Tunachukua hili," Shekue alisema. "Gia usizitaje tena, Mama Rehani. Linajua lenyewe."

Mwanaidi akafungua daftari, akazikata namba moja moja, akabakiza kushoto na kulia.

"Na siku likizijua kona pia?"

Shekue aliinama, akashika kiti cha mkewe kwa mikono miwili, akakitikisa kama mtu anayekadiria uzito.