Kuogelea ni Kiangazi

Hapo kale, kabla hasira za Nyegere hazijavuma nchi nzima, alikuwa mwanachuo katika chuo cha wanyama bondeni. Alisomea asali, na hakuna aliyemfikia. Hata hivyo alinyimwa shahada kwa kukosa somo la lazima kwa wote: kuogelea.

Kuogelea kulifundishwa kiangazi, bwawa likiwa limekauka na tope limepasuka. Masika, mvua ikimwagika, somo la lazima lilikuwa kuchimba visima.

Nyegere akaingia kwa hasira barazani, walipoketi wazee wa chuo. "Niogelee kwenye vumbi? Badilisheni mihula, wazee."

Mbuni, mwenyekiti mwenye majivuno, hakumtazama. "Kalenda ni kalenda, binti. Tutalijadili."

"Naunga mkono," akasema Kondoo, ambaye hajawahi kupinga lolote.

Wakajadili kiangazi chote. Masika yakawakuta bado wanajadili, mto ukafurika, maji yakajaa barazani. Hakuna mjumbe aliyejua kuogelea. Maji yakamfika Mbuni shingoni, na shingo ya Mbuni si fupi.

"Tuokoe, mwanangu," akalia, Kondoo kamng'ang'ania mgongoni.

Nyegere alisimama juu ya kichuguu, mguu mmoja juu ya gogo. "Kuogelea ni kiangazi, Mheshimiwa. Huu ni muhula wa visima. Kalenda ni kalenda."

"Tutaibadilisha."

"Basi wanaoafiki wanyooshe mikono."

Mabawa na kwato vilikuwa juu zamani. Hoja ikapita kabla maji hayajafika mdomoni, ndipo Nyegere akalisukuma gogo majini, kuwaelekea.