Kichwa cha Musyimi

Daktari Fahima hakuwa amemaliza swali la kwanza, na Mutindi, mke wa mgonjwa, alikuwa ameshajibu la tatu.

"Mama, mwache mzee aongee."

"Huyu hasemi ukweli, daktari. Baba Nduku, vua kofia."

Musyimi aliivua kofia kama mtu anayevuliwa suruali sokoni. Kichwani kulikuwa na mabaka matatu ya mviringo, laini kama ganda la yai, na la nne lilikuwa limeanza kula ndevu. Jumapili nne sasa kwaya yake huko Kyuso ilikuwa ikiimba bila mwalimu, maana kofia haiingii kanisani na Musyimi hatoki bila kofia.

Majirani walisema ni mashilingi, ule ugonjwa wa vichwa vya watoto wa shule. Mutindi alikataa. Kwenye masomo ya jioni ya afya pale kijijini, yeye na wenzake walikuwa wamefundishwa kwamba nywele zikitoka hivi, huenda mwili unajipiga wenyewe, na ukishazoea kujipiga, wakati mwingine hugeukia tezi ya shingoni. Tangu siku hiyo alikesha akisikiliza kama mumewe anapumua. Yaani alijaribu kukesha. Usingizi ulimshinda kila mara kabla ya saa mbili.

"Mzee, unachoka?" Fahima aliuliza.

"Sichoki."

"Anachoka, anaficha tu," Mutindi alisema. "Juzi tukipura ndengu, mimi nilikaa chini mara tatu, mwisho nikalala juu ya gunia. Yeye akaendelea mpaka jioni. Mtu mzima hafanyi hivyo kama hakuna kitu anaficha."

"Na baridi, unaisikia?"

"Nyumba yetu ina baridi mbaya." Mutindi alifunga vifungo vya sweta. "Na huyu analala bila blanketi. Atashikwa na nimonia."

"Kyuso," Musyimi aliiambia dari. "Mwezi wa pili, kwenye joto lile."

"Kusahau je?"

"Hapo ndipo ameharibika kabisa. Nikimwambia kitu, anasema nilimwambia jana. Na sikumwambia."

Kalamu ya Fahima ilisimama. "Uzito umebadilika?"

"Wake uko vilevile. Ni mimi nguo zinanibana, na hata sili, kwa kumuwaza yeye." Sauti ya Mutindi ilikwaruza. "Daktari, usinifiche. Kama ni hiyo tezi, tuanze dawa leo. Mimi huyu mtu bado namtaka."

Musyimi aliangalia viatu vyake. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na hakuwahi kuambiwa hivyo, sembuse mbele ya watu.

Fahima aliinuka, akanawa mikono, akaizunguka meza.

"Meza mate," alisema.

Musyimi aliinua kidevu, akafumba macho, akameza kwa bidii zote, kwa ajili ya mke wake.

"Si wewe, mzee," Fahima alisema, mkono wake ukimpita begani kwenda shingoni mwa Mutindi. "Mama, hebu meza wewe."