Kilo Moja kwa Kila Kilomita

Winnie alikuwa akikoroga uji, na nje pampu ya baiskeli ikihema kama kila asubuhi, mara pampu ikanyamaza. Akasubiri. Haikuendelea. Alipochungulia mlangoni alimkuta Elia amechuchumaa kando ya gurudumu, mikono imelegea, akimtazama yeye kama mtu anayejaribu kukariri sura.

"Baba Limbu, kuna nini?"

"Moshi," alisema Elia, akajifuta macho.

Moshi ulikuwa ukielekea upande mwingine.

Zilibaki siku nne kabla ya mbio. Ulikuwa ule mwaka wanunuzi binafsi wa pamba walipofurika Bariadi, kila mmoja akitaka kujulikana kuliko mwenzake. Mmoja wao aliungana na parokia kuandaa mbio za baiskeli hadi Nyalikungu, ili kuwachangia wagonjwa wa kansa nauli na matibabu ya Dar es Salaam. Kila mshiriki alizunguka na karatasi yake kutafuta wafadhili. Wenye maduka waliahidi fedha. Wakulima waliahidi kilo moja ya pamba kwa kila kilomita ambayo mtu wao angeimaliza.

Elia hakuwa amewahi kushindana hata siku moja. Bundala, fundi baiskeli, alimwambia mbele ya watu kwamba miguu ile ilizaliwa kufuata ng'ombe. Watu wakacheka. Kisha Bundala huyohuyo akamfungia mnyororo mpya na kukataa malipo.

Winnie alielewa, au aliona ameelewa. Mama mkwe wake, Eufrasia, alikufa kwa ugonjwa huo mwaka uliotangulia, katika chumba cha uani ambamo hakuna aliyelala tena. Kisha mwezi wa sita, Winnie alipopelekwa Mwanza kupasuliwa jipu la kwapani, Elia alikuwa na kikohozi kisichokwisha, akasema naye atapima kifua hukohuko. Winnie alifungwa bandeji, akaambiwa akae kwenye benchi. Elia akaitwa ndani peke yake, akakaa kitambo kirefu. Alipotoka uso wake ulikuwa wa majivu. Kifua ni vumbi tu, alisema. Tangu siku hiyo hakula akashiba.

Karibu kila alfajiri Winnie alimwota mama mkwe. Alisimama mlangoni na kanga yake ya kijani, haingii, hasemi. Nyumbani kwao Winnie, Migato, wazee walisema marehemu akija mlangoni amefuata mtu. Basi akiamka alimfunika Elia shuka hadi kichwani, kama mtoto anayefichwa. Jambo moja tu lilimsumbua. Yule mama hata hakuelekeza macho kwa mwanawe. Alimtazama Winnie, Winnie peke yake, naye Winnie akadhani anaombwa ruhusa.

Na watu walijua. Hilo ndilo lililomuuma. Nyanjige, jirani waliyegombana naye misimu miwili kwa ajili ya mbuzi, alikuja na kibuyu cha maziwa. Winnie akamuuliza kama mbuzi wake wameshashiba majani ya viazi au wamebakiza shina. Zamani Nyanjige angemjibu mpaka jua lizame. Sasa alishusha macho.

"Kunywa, mayu," alisema, akimwita mama kwa kilugha chao. "Kunywa upate nguvu."

Nguvu za kuuguza, Winnie alijiambia, akanywa.

Sokoni walimwongezea dagaa bila kuombwa. Kanisani walisogea kumpisha, wakamtazama alipoketi. Karatasi ya Elia ikajaa pande zote mbili, hata kwa watu ambao hawakuwahi kumpa salamu. Wananitazama kama mjane, aliwaza Winnie, na mume wangu bado anapumua.

Siku ya mbio alipanda lori la pamba, akatangulia Nyalikungu. Alikuwa ameamua. Elia angesema leo, kwa mdomo wake, halafu wangeubeba mzigo huo wawili. Pesa za wagonjwa zilikuwa zinakusanywa palepale. Kwa nini awahangaikie wengine na kujisahau mwenyewe? Kama angezidi kunyamaza, angefia kwenye ukimya huo kama mama yake.

Washindi walifika, wakapigiwa makofi, wakanywa soda. Jua likapanda. Vumbi likatulia barabarani, likatimka tena. Elia alitokea akiwa karibu wa mwisho, mwili umeinama juu ya usukani. Alivuka kamba, akaanguka pamoja na baiskeli. Hakuna aliyecheka. Umati ulifunguka kumpisha Winnie kama mfiwa anavyopishwa msibani.

Alipiga magoti, akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

"Najua," alisema. "Nimejua tangu Mwanza. Nenda Dar, baba Limbu. Nitalima, nitamtunza mtoto, nitakungoja. Lakini usinifiche tena. Sema."

Elia aliwatazama watu waliowazunguka, mmoja baada ya mwingine, akiomba msaada. Bundala aligeuka akajifanya anakagua gurudumu. Nyanjige alijiziba mdomo kwa kanga.

Tangu mtoto wao azaliwe Elia hakuwa amemwita mkewe kwa jina. Sasa aliushika mkono wake, ule uliokuwa ukimfuta.

"Winnie," alisema. "Daktari alisema tukikuambia utakata tamaa. Mimi ni mzima. Anayekwenda Dar ni wewe."