Mkono Kwenye Kitabu

Kitabu cha uchimbaji wa mji wa kale kilipofika, Bi Mize alikifungua kutafuta jina la mwanawe. Hakuliona. Aliona picha ya mtungi, umeshikwa na mkono mweusi wenye kovu la kuungua na kikaango.

"Mwanakheri, huu si mkono wako?"

"Ni wangu, mama."

"Na mtungi aliufukua nani?"

"Mimi. Hata maelezo niliandika mimi."

"Haya majina je?"

"Ya Profesa na wageni wenzake."

"Wote wanaume. Kumbe walichotaka kwako ni mkono tu."

Mwanakheri alicheka kidogo, akaendelea kupangusa udongo kwenye bakuli la kale alilolifukua wiki ile. Profesa, mkuu wa uchimbaji, alikuwa akingoja picha ya bakuli hilo.

"Hili lipige picha pamoja na uso wako," mama alisema.

"Atanifukuza kazi."

"Na asipokufukuza, mwanangu, utazeeka ukiwa mkono."

Mwanakheri alifuta mikono. Kisha akampa mama simu, akaliinua bakuli hadi kidevuni. Bi Mize alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Sasa uso uliingia wote kwenye kioo cha simu. Kilichobaki ni Mwanakheri kuinua macho.