Nimeota

Sindano ya kuondoa usingizi ilipofanywa lazima kwa kila mfanyakazi, niliikataa wakanifukuza kazi. Mtaa mzima anayelala ni mimi peke yangu. Wataalamu hawakuwahi kutueleza binadamu anaota kwa nini. Walijua kuziondoa tu ndoto, na waajiri wakawapigia makofi. Sijasahau.

Leo asubuhi nilimwambia mke wangu, Mwanakombo, "Nimeota."

Zamani angejibu "Kheri," kisha angekaa anisikilize.

"Umeota nini tena, mfalme wa godoro?" alisema, akifunga viatu vya zamu ya tatu.

"Tuko barazani, umenilalia begani."

Akaacha kamba. "Kulala begani kulikuwaje, Baba Rukia? Nionyeshe."

Nikamvuta. Aliegemea kwa adabu, macho wazi, akasubiri nimwambie imetosha.