Mikono Iko Kazini

Viza ya Zamda ilikuwa ya mikono tu. Serikali ya huko kwenye baridi ilitaka kazi, haikutaka jirani, kwa hiyo mwili wake ulibaki Muheza na sauti yake ikanyimwa kibali. Kila asubuhi alivaa glovu zenye nyaya, akaketi mkekani mbele ya kioo cha kompyuta, na kule ng'ambo mikono ya chuma iliyofuata mwendo wa mikono yake ikaanza kumhudumia Anselm, mzee aliyeishi peke yake. Zamda alimwona na kumsikia. Mzee hakumsikia.

Kabla ya kumlisha, Zamda alimnawisha kwa jagi na beseni, kama wanavyonawishwa wageni kwao. Hakuna aliyemwagiza. Leo mzee alimpokonya jagi.

"Leo zamu yangu," alisema.

Akaimwagia maji ya vuguvugu mikono ile ya chuma, akaifuta kwa taulo kidole kimoja kimoja. Zamda alisikia joto la taulo hilo ndani ya glovu. Tangu afiwe na mumewe, hakuna aliyemshika hivyo.

"Mama, chakula," alisema Sihaba, binti yake.

"Mikono iko kazini, mwanangu."

Sihaba alishazoea. Alimega ugali, akachovya mchuzi, akamtia mama yake tonge mdomoni, kama anavyolishwa mgonjwa. Tonge likafuata tonge.

Kwenye kioo, mzee alikuwa bado ameishika mikono.

"Huko kwenu," aliuliza, "yupo wa kukushika hivi?"

"Yupo," Zamda alijibu kwa nguvu, ingawa alijua sauti yake haifiki. Kisha akageuka kumtazama Sihaba.

Sahani ilishaondolewa, na mlango ulikuwa umerudishwa.