Kokoto la Ziwani Ndani ya Amplifaya

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini aende Kiabakari akamwulize jogoo wa Mzee Nyamburi.

Mzee alitengeneza amplifaya ya gitaa la kwaya, akapunguza kasi ya mtetemo hadi sauti ikawa inapanda na kushuka kama ziwa linapopumua. Jogoo akasinzia mlangoni.

Mzee akajigamba: "Siri ni kokoto la ziwani, la Musoma, nililoweka humo. Nikidanganya, chukua jogoo wangu."

Gaudensia, mpiga gitaa, alilitoa kokoto, akapiga nyuzi. Mawimbi ya sauti yaliendelea.

Akaifunika kwa kidole gumba taa ndogo iliyokuwa ikiwaka na kuzimika ndani, sawia na mawimbi yale. Sauti ikanyooka, jogoo akafumbua jicho. Akaondoa kidole, jogoo akasinzia tena.

"Babu, kumbe ni taa. Kokoto linafanyaga nini humu?"

Mzee alimwinua jogoo polepole, asimwamshe, akamkabidhi Gaudensia.